Homa ya Papasi na Benchi la Wasikilizaji

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu aliyelala mahali fulani leo. Homa imemwachia asubuhi, amekunywa uji, amenawa uso, na watu wa nyumbani wanamwambia amepona. Nataka ajue kwamba huenda hajapona bado. Simtishi. Mimi niliambiwa nimepona mara tatu, na mara zote tatu niliamini. Kila homa iliporudi nilidhani nimerogwa, au nimekosea dawa, au akili imeniruka. Laiti mtu angeniambia mapema kwamba ugonjwa huu hutoka na kurudi kama mgeni aliyesahau fimbo yake, ningeteseka mwili tu.

Watu wa kwetu huuita homa ya papasi. Papasi ni wale kupe wa ndani ya nyumba, wa rangi ya vumbi, wanaokaa kwenye nyufa za sakafu na kutoka mtu akishalala. Zaidi ya hapo sina elimu nayo, na waganga wana maneno yao. Mimi ni karani wa mizigo wa reli, nimezoea kuandika kilichoingia kabla ya kilichotoka, kwa hiyo nitajaribu kufuata utaratibu huo. Pale nisipojua, nitasema sijui. Ni mahali pengi.

Nilizaliwa Ihumwa, nikaondoka nikiwa kijana ambaye ndevu hazijaota, nikafuata msafara mpaka Dar es Salaam. Huko nilifanya kazi bandarini, nikasilimu, nikapewa jina la Salimu, nikaoa mke anayeitwa Tatu. Wadachi, yaani Wajerumani, walipofikisha reli Dodoma wakahitaji makarani wanaojua lugha ya kwetu, nikapelekwa mimi. Nilishuka kwenye gari la moshi mvua za kwanza zikinukia, nimevaa kanzu na koti juu yake, nikijiona mtu mzima.

Siku hiyohiyo mimi na Tatu tukaenda Ihumwa kumwamkia mama. Aliniita Masinga, jina ambalo sikuwa nimelisikia kwa miaka mingi, nikachelewa kuitika.

"Masinga, umekuwa mrefu lakini umekuwa mwembamba. Huko pwani hawali?"

"Wanakula wali, mama."

"Ndiyo hivyo. Wali ni chakula cha mgonjwa."

Tatu alipiga goti akasema, "Shikamoo mama," na mama akajibu, "Mbukwa," kama tunavyoamkiana Wagogo, kisha wakatazamana wakicheka kwa sababu maneno yalikuwa yamekwisha. Mama hakujua Kiswahili ila kile alichookota kwa wapagazi wa misafara zamani alipokuwa akiwauzia maji na uwele: leta, pokea, ngapi, hapana, kesho. Tulikula ugali wa uwele na mlenda, tukalala ndani ya tembe, nyumba ya paa la udongo alimonizaa, juu ya ngozi ya ng'ombe iliyotandikwa chini. Tatu alijikuna mpaka alfajiri. Mimi nililala kama mtoto.

Baada ya juma moja hivi nilikuwa ghalani stesheni nikihesabu ngozi, nikaona miguu yangu iko mbali. Siwezi kueleza vinginevyo. Niliitazama, nikajua ni yangu, lakini ilikuwa mbali. Nikakaa juu ya gunia. Walionibeba wanasema nilikuwa natetemeka mpaka meno yanagongana, na nilikuwa nikimwomba mtu radhi, wala hawakujua nani.

Hiyo ndiyo homa ya kwanza. Tatu aliniambia niliota ndoto huku macho yakiwa wazi. Nilimwita kwa jina la dada yangu aliyekufa. Kichwa kiliuma nyuma ya macho kiasi kwamba mwanga wa mlango ulikuwa kama kofi. Mgongo, magoti, hata nyayo ziliuma. Wakanipakia kwenye machela wakanipeleka misheni, mwendo wa asubuhi nzima, kwa sababu wakati ule huko ndiko kulikokuwa na dawa ya watu wote.

Pale misheni wagonjwa walikuwa wakikaa chini ya ukuta mrefu wa udongo, kila mmoja na kijiti chake. Ukifika unapewa kijiti, na ukiitwa unakirudisha. Kulikuwa na mama mwenye mtoto mwenye kikohozi, mzee mwenye kidonda kilichofungwa jani, vijana wawili wa reli walioumizwa na mataruma, yale mapande yanayobeba vyuma vya reli. Wote walijuana kama majirani. Msaidizi wa dawa akaita: "Salimu! Salimu wa stesheni!" Nikanyamaza. Akaita tena. Tatu akanitikisa.

"Unaitwa, mume wangu."

"Siyo mimi," nikasema. "Mimi ni Masinga."

Yule mama mwenye mtoto akacheka. "Basi wagonjwa wako wawili, na kijiti ni kimoja! Chagueni nani anywe dawa."

Nilikunywa kwinini, chungu mpaka masikio yakavuma. Homa ikaniachia ghafla siku chache baadaye, kwa jasho jingi lililolowesha mkeka. Tatu akachinja kuku. Nikarudi kazini, nikasifu kwinini mbele ya kila mtu.

Mvua zikawa nyingi, watu wakapanda. Nilikuwa nimeanza kunenepa homa ya pili iliponijia, nikiwa nakula. Ilikuwa fupi kuliko ya kwanza lakini iliondoka na kitu. Sikujua kimeondoka mpaka niliporudi stesheni nikafungua kitabu cha mizigo.

Herufi zilikuwepo. Niliziona kila moja, na mkia wake na tumbo lake. Lakini hazikusema neno. Nilipoitazama ya pili, ya kwanza ilikuwa imekwishaondoka. Nilidhani ni mwandiko mbaya wa karani mwenzangu, nikageuza ukurasa, nikakuta mwandiko wangu mwenyewe, nao ukanitazama vivyo hivyo. Mkono ulijua kuandika "gunia" kwa mazoea, nikaliandika, kisha nikaliandika tena, na tena, na gunia lilikuwa moja tu.

Bwana Stesheni, Mdachi mwenye masharubu, hakuwa mtu wa kelele. Alikitazama kitabu, akanitazama macho yangu ya njano, akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata: "Wewe mgonjwa. Pumzika mpaka watu wavune uwele. Halafu njoo, soma mbele yangu. Ukiweza, kazi yako. Ukishindwa, yuko karani mwingine Morogoro."

Sikumwambia Tatu habari ya kusoma. Nilimwambia nimepewa ruhusa ya kupata nguvu. Ningemwambiaje? Mwanamume aliyeniozesha binti yake aliniuliza jambo moja tu, kama najua kazi ya kalamu, maana shamba sina, ng'ombe sina. Nilianza kukaa nyumbani na gazeti la zamani mikononi, nikigeuza kurasa kwa wakati ufaao, kama mtu anayesoma. Tatu alinipita akafurahi.

Kila juma nilikwenda misheni kuchukua dawa. Siku moja mvua ilishuka kwa fujo, na msaidizi akatufukuza wote kutoka ukutani akatuingiza katika chumba kilichokuwa upande wa pili wa ukuta uleule. Kilikuwa cha paa la udongo, chenye dirisha moja dogo, mabenchi ya magogo, na meza ambayo kila mguu wake umesimama ndani ya kopo la maji ili mchwa wasipande. Juu ya meza vitabu vilikuwa vimepangwa migongo juu. Pakanuka karatasi, mvua kwenye udongo, na samadi iliyosiribwa sakafuni.

Nilijua harufu ile kabla sijajua chochote. Nikaanza kulia, na sikujua kwa nini nalia, mpaka mtu aliyekaa nyuma ya meza akavua miwani yake ya waya akasema, "Huyu si mtoto wa Ihumwa aliyekuwa anasoma huku anatingisha goti?"

Alikuwa Mwalimu Elia. Mimi nilipokuwa mdogo yeye alikuwa kijana aliyetufundisha a, e, i, o, u kwenye chumba hikihiki. Nilikuwa nimekaa chini ya ukuta huu mara nyingi, nikingoja funda la dawa, na sikuutambua. Hata leo inanishangaza. Nilipoondoka Ihumwa nilifikiri vitabu viko pwani, vya Wadachi na Waarabu na Wahindi, na kumbe vya kwanza nilivyovigusa vilikuwa vimebaki hapa vikisimama ndani ya maji.

Lazima nieleze desturi ya chumba kile, kwa kuwa sijaiona mahali pengine. Hakikuwa cha Wakristo peke yao. Aliyenawa mikono kwenye beseni la mlangoni aliingia, awe mchunga ng'ombe, awe mwenye tasbihi. Lakini haikuruhusiwa kusoma kimyakimya. Vitabu vilikuwa vichache na waliojua herufi walikuwa wachache zaidi, kwa hiyo aliyejua alisoma kwa sauti, na wengine walikaa kwenye mabenchi wakasikiliza. Msomaji akitulia akasoma kwa macho tu, watu walimpigia kelele kama vile amekula peke yake.

"Leo tuna karani wa reli!" akasema yule mama mwenye mtoto wa kikohozi, ambaye nilikuja kujua anaitwa Mwendwa. "Mwalimu, pumzisha koo lako. Karani atusomee."

Mwalimu Elia akanisogezea kitabu.

"Macho yangu yanauma," nikasema.

"Macho yanauma lakini kijiti chako umekiona," akasema Mwendwa. "Mbuzi wangu naye huumwa macho nikimpeleka kwenye miiba."

Watu wakacheka. Mwalimu Elia hakucheka. Alikichukua kitabu akasoma mwenyewe. Kilikuwa kitabu cha habari za nchi za mbali, kilichotafsiriwa na mmisionari fulani zamani, na sura waliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya nchi ambako maji huwa magumu.

"Magumu kama nini?" akauliza mzee wa kidonda, ingawa niligundua baadaye kwamba huuliza hivyo kila mara.

"Kama jiwe, babu."

"Na ng'ombe wanakunywa nini?"

"Wanapasua."

"Wanapasua kwa pembe?"

"Babu, acha mwalimu asome! Jana ulitupotezea mto mzima."

Nilikaa pale mpaka mvua ikaisha na zaidi. Kichwa changu kilikuwa kama nyumba iliyohamwa, lakini sauti ya Mwalimu iliingia ikakaa bila kunidai chochote. Sikulazimika kushika herufi. Nilishika maneno tu, na maneno yalinibakia mpaka nyumbani. Juma lililofuata nikaja mapema. Halafu nikaanza kuja hata siku zisizo za dawa, nikimwambia Tatu nakwenda kunyoosha miguu.

Sijui Mwalimu Elia alitambua lini. Hakuniuliza. Siku moja tu alisema, "Sogea hapa karibu, masikio yako yanazuia upepo," akanikalisha ubavuni pake, na aliposoma akawa anapitisha unyoya wa kuku chini ya mstari. Nilisikia neno, nikaona umbo lake, unyoya ukapita. Nilisikia "mto", nikaona "mto". Siku za mwanzo kichwa kiliniuma nikatoka nje kutapika. Baadaye yakaanza kushikana, moja hapa, moja pale, kama vifaranga vinavyorudi kwa mama yao vikihesabika polepole.

Halafu ikaja homa ya tatu. Hii ndiyo iliyonivuruga kuliko zote, kwa sababu haikuwa na sababu. Tangu homa ya kwanza sikuwa nimelala Ihumwa hata mara moja. Tulikaa katika nyumba za reli, za matofali, sakafu ya saruji, kitanda cha miguu. Mama alikuwa akija kunitazama, analeta maziwa mgando, anakaa chini karibu na kitanda changu, anaondoka. Papasi wangetoka wapi?

Jibu alilipata Tatu alipokuwa akifagia, mimi nikiwa nimelala natoka jasho. Chini ya kitanda, upande wa kichwani, nyuma ya sanduku, alikuta kibuyu kidogo cha ukubwa wa ngumi, kimezibwa kwa kitambaa kilicholegea. Ndani mlikuwa na vumbi la sakafu. Akalimwaga kwenye ungo juani, na vumbi likaanza kutembea.

Mama aliingia Tatu akiwa bado ameshika ungo.

"Mama, hiki ni nini?"

Mama alitazama, wala hakushtuka. "Cha Masinga," akasema.

"Mama! Unamletea mwanao papasi? Mwanao anakufa, na wewe unamletea papasi kitandani?"

Mama akanigeukia mimi, akasema kwa Kigogo, maana Kiswahili chake kilikuwa kimemwishia kwenye neno la kwanza. Nami nikiwa na homa nikawa mkalimani kati ya mama yangu na mke wangu. Sidhani kuna kazi iliyowahi kunishinda kama ile.

Alisema hivi. Kwetu mtu akisafiri mbali huchukua papasi wa nyumbani kwake, wachache, ili waendelee kumuuma njiani na damu yake isisahau. Anayeumwa nao tangu utotoni hawamdhuru. Anayekaa mbali nao muda mrefu, akirudi papasi humwona mgeni wakamwangusha. Baba yake mama alipobeba mizigo mpaka pwani alikwenda na kibuyu, akarudi na kibuyu, hakuugua. "Wewe nilikuacha uondoke bila kitu," akaniambia. "Ulitoroka asubuhi, sikukuwahi. Sasa nyumba imekusahau. Nimekuja kukukumbusha taratibu, wawili watatu, ili mwili uzoee tena. Mwambie."

Nilimwambia. Tatu alisikiliza mpaka mwisho, machozi yakimtoka.

"Mwambie mama namheshimu," akasema. "Mwambie mimi ndiye ninayemgeuza ubavu huyu, ndiye ninayefua shuka. Gari la moshi la Jumamosi linarudi Dar es Salaam. Ama unapanda nami, Salimu, ama ubaki na kibuyu chako."

Mama hakungoja nitafsiri. Alielewa kwa sauti. Alichukua mtungi wake wa maziwa akatoka.

Nimejaribu mara nyingi kuamua nani alikuwa na haki. Siwezi. Tatu alikuwa na haki, kwa sababu niliugua. Lakini wazee wa Ihumwa waliolala na papasi maisha yao yote walikuwa wazima, na vijana wa reli waliotoka mbali walikuwa wakianguka, na hilo nililiona kwa macho yangu kila wiki pale ukutani.

Jumamosi ilipofika sikuweza hata kukaa, basi safari ikaahirika yenyewe. Badala yake Tatu alinipeleka kwa daktari wa serikali wa Kidachi, aliyekuwa amefika karibuni. Tulingoja barazani tangu jua la kwanza pamoja na askari na wake zao. Alinichoma kidole, akapaka damu kwenye kioo, akainama juu ya chombo chake, akaita mwenzake naye atazame, wakafurahi kama watu walioona mnyama adimu. Kisha nikapigwa sindano mkononi. Nilitetemeka mpaka kitanda kikahama mahali pake. Baada ya hapo nikalala usingizi ambao sikuwa nimeuonja tangu nilipofika Dodoma.

Homa ilijaribu kurudi mara moja tena, siku moja, kidogo, kama inayochungulia. Ikaondoka. Tatu anasema ni sindano. Mama, nilipomtumia salamu, alijibu kwamba damu imekumbuka. Mimi nasema nilipona, basi.

Nywele zilikuwa zimenitoka, kucha zimepata mifereji, na jicho la kushoto lilibaki na ukungu ambao bado ninao. Uwele ulikuwa umekauka mashambani, wanawake wanakata masuke. Muda wa Bwana Stesheni ulikuwa umekwisha. Hapo ndipo nilipomwambia Tatu ukweli, tukiwa tunapepeta mchele.

"Lile gazeti ulikuwa unalishika tu?"

"Nilikuwa nalishika tu."

"Mara moja lilikuwa limepinduka," akasema. "Nilidhani Wadachi ndivyo wanavyolisoma." Kisha akacheka mpaka akaweka ungo chini, na mimi nikacheka, na akafunga kanga yake vizuri. "Twende huko kwenye chumba chako. Nataka nikusikie kabla huyo Mdachi hajakusikia."

Tulipofika misheni, mabenchi yalikuwa yamejaa, maana baada ya mavuno watu hupata nafasi. Mwendwa alikuwepo, mtoto wake hakohoi tena. Mzee wa kidonda alikuwepo. Na kwenye benchi la mwisho, karibu na dirisha, alikaa mama. Sikujua kilichomleta. Hakuwa mgonjwa na hakuwa na kijiti. Tatu alimwona, akasita, akaenda akapiga goti mbele yake. "Shikamoo mama." "Mbukwa." Wakakaa benchi moja, kati yao nafasi ya mtu mmoja.

Mwalimu Elia akaniwekea kitabu cha nchi za mbali, akaufungua ukurasa wa maji magumu, akauondoa unyoya.

Nikaanza. Sauti yangu ilikuwa nyembamba. Nilisoma jina la sura, nikasoma habari ya miti isiyo na majani, nikasoma habari ya watu wanaovaa ngozi za kondoo manyoya yakiwa ndani. Hakuna aliyekohoa. Hata mzee hakuuliza. Nilifika pale wanapouvuka mto kwa miguu: "Nao hawaogopi, kwa kuwa maji yamekuwa sakafu. Lakini jua linapoanza kurudi..."

Hapo herufi zikaniacha. Ukungu wa jicho la kushoto ulisogea, mstari ukainuka, neno la kwanza likaondoka na la pili likalifuata. Nilijua hali ile. Nilihisi jasho nyuma ya masikio, na sikujua kama ni hofu au homa inarudi. Nikasema tena, "Lakini jua linapoanza kurudi..." Nikanyamaza. Mwendwa alifungua mdomo, na safari hii hakuwa na mzaha.

Kutoka benchi la mwisho sauti ikasema, kwa Kiswahili cha vitabu, kila neno limewekwa mahali pake kama yai: "mwenye akili hupiga kwanza kwa fimbo, asikie sauti ya chini, ndipo aweke mguu."

Alikuwa mama. Mama ambaye Kiswahili chake kilikuwa leta, pokea, ngapi.

Niliposikia neno "fimbo" nikaliona. Lilikuwa limesimama palepale kwenye ukurasa. Nikalishika, nikashika la baada yake, nikaendelea. Nilikwama tena mahali patatu, na kila mahali mabenchi yalinipa neno, Mwendwa mara moja, mzee mara moja, kisha wote kwa pamoja, maana sura ile walikuwa wameisikia hata wameichoka na hawaichoki. Nilifika mwisho.

Tulipotoka nje nikamuuliza mama alijifunza wapi.

"Hapo," akasema, akionyesha benchi. "Ulipotoroka nilikuja kukuulizia. Mwalimu hakujua uliko. Nikakaa. Palikuwa na kijana mwingine anasoma, anatingisha goti kama wewe. Basi nikawa nakuja, mpaka uliporudi."

"Unaelewa maneno yake?"

"Mengine," akasema. "Hilo la fimbo nalielewa."

Nikamtafsiria Tatu. Njiani kurudi yeye ndiye aliyembebea mama kibuyu cha maji.

Kesho yake nilisimama mbele ya Bwana Stesheni. Akanipa kitabu cha mizigo. Nikasoma kwa sauti, nikipitisha kidole chini ya mstari, ngozi, nta, magunia ya karanga, mbuzi hai. Herufi zilitikisika zikabaki. "Kwa nini unapiga kelele?" akauliza. "Karani husoma na macho." Nikamwambia kwetu ndivyo tunavyosoma. Akanirudishia kalamu.

Mpaka leo siwezi kusoma kimya. Makarani wenzangu wamezoea, na wapagazi wa ghalani wanajua habari za kila gunia. Wewe uliye kitandani, kama herufi zimekutoka, au majina ya watoto wako, au njia ya kwenda kisimani, usijifungie na gazeti lililopinduka kama nilivyofanya. Nenda mahali watu wanaposema kwa sauti, ukae karibu.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa stesheni ya Gulwe. Mama alikuja kutuaga. Alikuwa amesimama kwenye kokoto kando ya behewa, na gari la moshi lilipopiga filimbi akatoa kitu kwenye nguo yake akampa Tatu. Kilikuwa kibuyu kidogo, kimezibwa kitambaa. Hakikuwa cha maji.

Tatu alikitazama, kisha akakipokea kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea kitu kwa mama mkwe wake, akasema, "Asante mama."

Sijui alikiweka wapi. Gari lilitembea, nikageuka kumpungia mama, na nilipogeuka tena mikono ya Tatu ilikuwa mitupu. Tumekaa Gulwe misimu kadhaa sasa. Homa haijarudi, nami sijauliza.